Peptaidi ya kiharusi, bodaboda na abiria wake

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu, mitatu jamani, kwamba kuna watafiti Toronto wamehangaika zaidi ya miaka 20 na kakipande ka protini ka kuzuia seli za ubongo zisife wakati wa kiharusi, basi tangu siku hiyo simu haijapumzika. Nimechagua barua sita, nyingine nimezikata maana zilikuwa ndefu kuliko gazeti lenyewe. Niseme mapema, mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuhangaika na DNA na protini kwenye vichupa, sio daktari wa wodini, kwaiyo hapa tunaelezana tu mambo yanavyofanya kazi, mgonjwa anabaki kuwa wa daktari wake.

Shikamoo. Mama yangu alipigwa kiharusi miezi 8 iliyopita, mkono wa kulia mpaka leo hauna nguvu na maneno anayavuta. Binamu yangu yuko Mississauga anasema huko Kanada kuna sindano inaitwa nerinetidi inalinda ubongo, anataka tuchange ukoo mzima tumpeleke mama au tuinunue ije huku. Ni kweli ipo? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole sana na kuuguza. Nianze na jibu ndo nieleze, maana najua hela ya ukoo ikishaanza kuchangwa hairudi: ipo, binamu yako hajadanganya, ila bado ni kitu cha majaribio, haiuzwi kwenye duka lolote la dawa, na hata ingekuwa inauzwa isingemsaidia mama sasa hivi. Hela hiyo iende kwa mtu wa mazoezi ya viungo na kwenye dawa za presha.

Sasa kwa nini isimsaidie. Kiharusi kile cha kawaida ni donge la damu limeziba mshipa wa kichwani, seli zilizoko mbele ya donge zinakosa hewa na sukari. Seli ya ubongo haina akiba, ikikosa umeme dakika chache pampu zake zinazima na inaanza kumwaga nje kemikali inaitwa glutameti ambayo siku za kawaida inaitoa kwa tone tone tu ili kuongea na jirani yake. Glutameti ikimwagika yote kwa mpigo inakwenda kugonga mlango wa seli ya jirani, mlango huo tunauita kipokezi cha NMDA, mlango unafunguka na kalsiamu inaingia kama watu wa daladala ya mwisho. Hapo ndipo kasheshe. Nyuma ya mlango, kwa ndani, kuna protini inaitwa PSD-95, na kazi yake ni kama ile ekstensheni ya umeme ya pale sebuleni, upande mmoja imeshika mlango, upande mwingine imeshika kimeng'enya kinachotengeneza gesi inaitwa naitriki oksaidi. Kwa kuwa kimeng'enya kimefungwa pale pale mlangoni, kalsiamu ikiingia ndo kitu cha kwanza inakutana nacho, kinawaka, kinazalisha naitriki oksaidi nyingi kupita kiasi, na seli inajiua kwa moshi wake yenyewe.

Watu wa zamani walifikiri njia ya kuzuia hili ni kufunga mlango wa NMDA moja kwa moja. Wakatengeneza dawa, panya wakapona vizuri tu, walipowapa binadamu mambo yakaharibika, wengine wakaanza kuona vitu visivyokuwepo, maana mlango huo huo ndo tunautumia kujifunza na kukumbuka, ukiufunga umemfunga mtu mzima. Ujanja wa Michael Tymianski na wenzake wa Toronto ulikuwa tofauti. Mwaka 1999 walionyesha kwamba ukipunguza PSD-95 kwenye seli, sumu ya glutameti inapungua makali na mlango unaendelea kufanya kazi yake. Mwaka 2002 wakaja na peptaidi, ndo hiyo nerinetidi ya binamu yako, yaani kamnyororo kafupi ka amino asidi (vile vijitofali vya kujengea protini), kanakofanana na ncha ya mkia wa kipokezi chenyewe. Ukiiingiza kwenye seli inakwenda kujichomeka kwenye ekstensheni, tundu limeshajaa, plagi halisi haina pa kukaa. Kwaiyo mlango uko wazi, mazungumzo ya kawaida yanaendelea, lakini ile mashine ya moshi imechomolewa. Mimi nakiri, katika vitu vyote nilivyosoma kuhusu seli kupashana habari, huu ni mmoja wa ujanja ninaoupenda zaidi, maana hawakuzima redio, walichomoa waya mmoja tu.

Lakini umeona tatizo kwa mama. Hayo yote yanatokea masaa ya mwanzo. Kuna hesabu ilichapishwa 2006 kwamba kwenye kiharusi cha mshipa mkubwa mtu anapoteza seli za ubongo kama milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika! Miezi 8 baadae hakuna tena seli inayokufa kwa glutameti ya siku ile, zilizokufa zimekufa, zilizobaki zinajifunza kazi za marehemu, na kinachozifundisha ni kurudia rudia, kushika kikombe, kufunga vifungo, kusoma kwa sauti. Mwambie binamu hela ya tiketi alete kama mchango wa mazoezi.

Assalam aleikum. Nimeskia hiyo dawa ya ubongo wamechanganya na virusi vya ukimwi. Hivi watu wazima na akili zao wanamdunga mgonjwa kitu kama hicho? Wallahi mimi nimeogopa. (Mama wa watatu, Mombasa)

Waleikum salaam dadangu. Ulichosikia kina mbegu ya ukweli ndani yake, ndo maana kinatisha.

Nerinetidi ina amino asidi 20 tu. Kwa kulinganisha, insulini ina 51, na ile oksitosini wanayotundika kwenye dripu ya uchungu leba ina 9. Katika hizo 20, zile 9 za mwisho ndo mkia wa kipokezi niliousema juu, yaani abiria mwenyewe. Shida ni kwamba abiria huyu hajui kuingia ndani ya seli, seli ina ukuta wa mafuta na peptaidi nyingi zinagonga hapo zinarudi. Anahitaji bodaboda. Na bodaboda waliyompa ni amino asidi 11 zinazofanana na kipande cha protini inaitwa Tat, protini ya virusi vya ukimwi. Mwaka 1988 watafiti waligundua kwamba Tat ikiwekwa nje ya seli inapenya yenyewe hadi ndani, na baadae ikajulikana kinachoipenyeza ni kale kasehemu kafupi.

Sasa hakuna mtu aliyechukua kirusi akakikamua. Peptaidi inaunganishwa kwa mashine, amino asidi moja baada ya nyingine, kutoka kwenye chupa za kemikali, hakuna damu ya mtu, hakuna kirusi, hakuna maelekezo ya kutengeneza kirusi. Ni kama mtu kukuandikia herufi 11 kutoka kwenye barua ya jambazi, herufi hizo peke yake haziwezi kukuibia. Huwezi kupata ukimwi kwa njia hiyo hata ukitaka. Kama ungeniambia unaogopa sababu haijathibitishwa kufanya kazi, hapo ningekaa upande wako.

Habari mkuu, niko mwaka wa pili chuo Dodoma, nasoma baolojia ya molekuli. Swali langu, kama mekanizimu iko vizuri hivo na panya walipona, kwa nini mpaka leo haijawa dawa? Tatizo ni peptaidi au ni majaribio? (Mwanachuo)

Swali lako ndo lilinifanya nikae mpaka saa saba usiku, kwaiyo vumilia.

Kwanza ujue unaingia kwenye makaburi. Mwaka 2006 kuna watu walikaa wakahesabu dawa zote zilizowahi kujaribiwa kulinda ubongo wakati wa kiharusi, wakapata 1,026. Katika hizo 114 zilifika kwa binadamu. Iliyokuwa inafanya kazi kweli kweli ilikuwa alteplesi, na hiyo hailindi seli, inayeyusha donge tu. Kwaiyo Toronto walijua wanacheza mechi ambayo kila aliyewatangulia kafungwa, na wakajaribu kufanya vitu kwa utaratibu. Mwaka 2012 walionyesha inafanya kazi kwa nyani wadogo wa Asia, ambao ubongo wao una mikunjo kama wetu, sio laini kama wa panya. Mwaka huo huo wakatoa jaribio la watu 185 waliokuwa wanazibwa uvimbe wa mishipa ya kichwani, operesheni ambayo mara nyingi inaacha vidonda vidogo vidogo vya kiharusi, na waliopewa peptaidi walikuwa na vidonda vichache zaidi kwenye picha.

Alafu likaja jaribio kubwa, ESCAPE-NA1, watu 1,105, hospitali 48, nchi 8, matokeo 2020. Wote walikuwa wanatolewa donge kwa waya kupitia mshipa, nusu wakapewa nerinetidi dozi moja, nusu wakapewa maji ya chumvi. Baada ya siku 90 waliokuwa wanajitegemea ni asilimia 61.4 kwa waliopewa peptaidi na 59.2 kwa wasiopewa. Yaani hakuna kitu. Ungeishia hapo ungesema la 1,027 hilo, zika.

Ila walipotenganisha waliopewa na alteplesi na wasiopewa, picha ikageuka. Wasiopewa alteplesi: 59.3 dhidi ya 49.8. Waliopewa alteplesi: hakuna faida yoyote. Kwa nini? Hapa rudi kwenye daftari lako la vimeng'enya. Alteplesi haikati donge yenyewe, inaamsha plazimini, na plazimini ndo mkasi. Mkasi huu unapenda kukata pale penye ajinini au laisini. Sasa andika ile bodaboda ya Tat kwenye karatasi: katika amino asidi 11, ajinini ni 6 na laisini ni 2. Nane kati ya kumi na moja! Umemtuma abiria na bodaboda iliyotengenezwa kwa chakula anachokipenda askari wa njiani. Walipopima damu za wagonjwa wakakuta kweli, waliopewa alteplesi walikuwa na peptaidi kidogo zaidi. Dawa mbili zote nzuri, moja inaitafuna nyingine. Hapo mimi nalaumu kidogo, ajinini zilikuwepo kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.

Marekebisho yao yalikuwa mazuri lakini. Amino asidi zina sura mbili kama kandambili, ya kushoto na ya kulia, na protini za mwili wetu zinajengwa kwa za kushoto, vimeng'enya vyetu vimezoea hizo. Wakatengeneza peptaidi ambayo bodaboda yake ni ya kulia na abiria anabaki wa kushoto, plazimini ikija inaishangaa tu haiwezi kuikata. Hiyo waliichapisha 2021 na kwa wanyama ilivumilia alteplesi bila shida.

Sasa ningependa kukuambia hadithi imeisha vizuri. Haijaisha vizuri. Walirudia jaribio kwa watu 850 wasiopewa alteplesi, ESCAPE-NEXT, ili kuthibitisha ile 59.3 kwa 49.8, na matokeo yaliyochapishwa 2025 hayakuonyesha tofauti. Na lingine, FRONTIER, ambalo mimi nililipenda kwa wazo lake: watu wa ambulensi huko Ontario na British Columbia walichoma sindano wakiwa bado barabarani, ndani ya masaa 3 tangu dalili zianze, kabla hata ya picha ya kichwa. Watu 532. Kwa ujumla hakuna tofauti, ingawa kwa wale ambao baadae ilionekana ni kiharusi cha donge la damu kweli kulikuwa na dalili ya kunufaika, lakini hicho ni kipande cha kundi, na tumeshaona kipande cha kundi cha 2020 kilivyotudanganya.

Umeuliza tatizo ni peptaidi au majaribio. Maoni yangu, na usinukuu kwenye mtihani, tatizo ni saa. Panya wa maabara unajua dakika gani umeziba mshipa wake maana umeuziba wewe. Binadamu anaamka asubuhi mkono umelegea, hajui ilikuwa saa nane au saa kumi usiku. Ekstensheni inachomolewa wakati nyumba imeshaungua vyumba viwili. Alafu panya wetu ni vijana wazima, mgonjwa wa kiharusi ana miaka 70, presha, sukari na vidonge vitano. Mtu atakayekuja na kipimo cha haraka cha kujua hili ni donge na hili ni damu iliyovuja, palepale kwenye ambulensi, huyo atafufua nusu ya hizo 1,026. Kama unatafuta mada ya utafiti nimekupa bure.

Salaam kutoka Muscat. Kuna mtu anauza vichupa vya unga wa peptaidi za ubongo kwa WhatsApp, kaninunulisha viwili kwa bei mbaya, anasema ni kwa kumbukumbu ya baba. Lebo imeandikwa kwa utafiti tu. Na mwingine kaniambia kuna ampuli za Cerebrolysin hizo ndo za uhakika. Nifanyeje?

Vile vichupa usivifungue ndugu yangu. Lebo ikisema kwa utafiti tu, maana yake hakuna mtu aliyekagua kama ndani kuna kilichoandikwa, kama kuna bakteria, au kama unga wenyewe haukukaa juani wiki mbili. Sisi maabara tukinunua peptaidi kwanza tunaipima uzito wake wa molekuli kabla hata ya kuiweka kwenye seli, na hizo ni seli za kwenye sahani, hazina watoto wa kuzilia. Wewe unataka kumchoma baba.

Cerebrolysin ni kitu kingine, hiyo ina kiwanda, inatoka Austria na inatumika nchi kadhaa. Ila nikuambie vitu viwili ambavyo muuzaji hatakuambia. Moja, ni mchanganyiko wa peptaidi uliopatikana kwa kuvunja vunja ubongo wa nguruwe, hilo uamue wewe na baba. Pili, wapitiaji wa Cochrane, kundi la kimataifa linalochambua ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio yake kwa wagonjwa wa kiharusi cha donge, hawakuona kwamba inapunguza vifo, na madhara makubwa yasiyoua yalionekana kuwa mengi zaidi kwa waliopewa. Kwa hela hiyo mpime baba presha, sukari, na masikio. Ndiyo, masikio. Wazee wengi tunaosema wamesahau hawakusikia toka mwanzo.

Niko Eldoret, nimemaliza form four. Napenda sana hii maneno ya seli lakini shule yetu hata maikroskopu ilikuwa moja na imeharibika. Lazima uwe na maabara kubwa ndio uanze?

Hapana, na nikupe ushahidi wa mtu mmoja. Rita Levi-Montalcini alikuwa Turin, Italia, Myahudi, sheria za kibaguzi za Mussolini zikamfukuza kazini. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alichokuwa nacho ni mayai ya kuku. Anachungulia vifaranga ndani ya mayai, anakata kijibawa kinachoota, anaangalia mishipa ya fahamu iliyokuwa inakwenda kwenye hako kabawa inafanyaje, akaona seli zinaota kwanza alafu zinakufa. Kutoka hapo ndo likaja wazo kwamba viungo vinatuma ujumbe wa kuziambia seli za fahamu ziendelee kuishi.

Baadae akiwa Marekani, St. Louis, yeye na Stanley Cohen wakawa wanautafuta huo ujumbe kwenye uvimbe wa panya. Cohen akatumia sumu ya nyoka ili ivunje DNA na RNA zilizomo, apate kujua kama kinachofanya kazi ni protini. Badala ya kupata jibu la kawaida akakuta sumu ya nyoka yenyewe ina hicho kitu kuliko uvimbe! Akafikiri, sumu ya nyoka inatoka kwenye tezi, na tezi inayofanana nayo kwa panya ni ya mate, akaenda kukamua tezi za mate za panya dume, akakipata tele. Hicho ndo NGF, yaani protini inayoziambia seli za fahamu ziote na ziishi, ya kwanza ya aina hiyo kujulikana, na 1986 wakapewa Nobel wote wawili. Rita akaishi mpaka miaka 103. Kwaiyo nunua trei ya mayai, ila ya kienyeji yenye jogoo, ya kisasa hayana kifaranga ndani, na muombe mama ruhusa kwanza.

Supu ya ubongo wa mbuzi inasaidia ubongo au wanatudanganya pale genge? (Buguruni)

Peptaidi zote zilizomo kwenye ile supu zikifika tumboni zinakatwa katwa kama ndizi za kukaanga, ndo sababu hata insulini inachomwa haimezwi. Zinafika kwenye damu zikiwa amino asidi za kawaida tu, sawa na za maharage. Na kolesteroli ya ubongo wa mbuzi sio ya mchezo, kama una presha usiifanye kifungua kinywa cha kila siku. Jumamosi moja moja, na ndimu na pilipili, mimi mwenyewe huwa nipo pale.